Tortues Ninja ni za nani? Vijana wawili waliobaki na haki ya mchoro wao

Watoto wengi wa hapa kwetu wanawajua Tortues Ninja. Wamewaona kwenye televisheni wakisema Kifaransa, wamewabeba kwenye mikoba ya shule, wamewavaa kwenye tisheti za mitumba. Kobe wanne wenye kufunga kitambaa machoni, wanaoishi chini ya mji wa New York katika mifereji ya maji machafu, na mwalimu wao Splinter ambaye ni panya. Lakini watu wachache wanajua kama kobe hao hawakuzaliwa katika televisheni. Walizaliwa katika kitabu cha michoro, kile tunaita bande dessinée, kilichochapishwa na vijana wawili wasiokuwa na pesa. Na jambo kubwa katika historia yao si karate wala pitsa. Ni swali la nani mwenye mali.

Mchezo wa usiku mmoja

Ilikuwa mwezi wa 11 mwaka wa 1983, katika mji mdogo wa Dover, jimbo la New Hampshire, Marekani. Kevin Eastman alikuwa na miaka 21, akifanya kazi ya jikoni katika mikahawa. Peter Laird alikuwa na miaka 29, akichorea magazeti picha ndogo ndogo kwa malipo kidogo. Usiku mmoja Eastman akachora kobe amesimama kwa miguu miwili, ameshika nunchaku, vile vijiti viwili vilivyounganishwa kwa mnyororo. Alitaka tu kumchekesha mwenzake. Laird akacheka, akachora wa kwake. Eastman akaongeza, wakawa wanne, kila mmoja na silaha yake. Laird ndiye alirefusha jina: Teenage Mutant Ninja Turtles. Majina ya kobe waliyachukua kwa wasanii wakubwa wa zamani wa Italia: Leonardo, Raphael, Donatello na Michelangelo.

Kampuni yao waliiita Mirage, yaani mazigazi, kile kitu unaona mbele jangwani na kumbe hakipo. Ulikuwa utani wa kweli: studio haikuwepo, walichorea sebuleni. Pesa ya kuchapa ilitoka kwenye kodi waliyorudishiwa na serikali pamoja na mkopo wa mkubwa mmoja wa jamaa ya Eastman. Mwezi wa 5 mwaka wa 1984 wakatoa nakala 3,000 hivi, kwa wino mweusi tu kwenye karatasi nyeupe, juu rangi zilikuwa ghali. Bei ilikuwa dola 1 na senti 50. Baada ya wiki chache zikaisha, ikabidi kuchapa tena.

Kitabu hicho kilikuwa kikali kuliko yale watoto waliyoona baadaye. Adui yao Shredder, ambaye kwenye televisheni anarudi kila siku, katika kitabu cha kwanza anakufa.

Namna gani wadogo waliweza kuuza?

Zamani huko Marekani vitabu vya michoro viliuzwa kwenye vibanda vya magazeti. Muuzaji alichukua nakala, na zile ambazo hazikununuliwa alizirudisha. Hasara ilikuwa ya mchapishaji. Kampuni kubwa ziliweza kuvumilia, mdogo hapana.

Katika miaka ya 1970 njia nyingine ikaanza. Maduka yaliyouza vitabu hivyo peke yake yaliagiza mapema kwa bei nafuu, lakini bila ruhusa ya kurudisha. Basi mchapishaji alijua mbele ya kuchapa ni nakala ngapi zimekwisha kuombwa. Ni mlango huo uliofungukia Mirage na wengine wengi ambao waliitwa wachapishaji wa kujitegemea.

Kuuza nyumba au kuipangisha

Sasa tuelewe jambo la haki. Kwa muda mrefu, msanii wa Marekani aliyechorea kampuni kubwa alilipwa kwa kila ukurasa, kisha mchoro na jina la shujaa vikawa vya kampuni. Mfano unaojulikana sana ni wa Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili waliotunga Superman. Mwaka wa 1938 walitia saini na kupewa dola 130, wote wawili pamoja. Superman akaleta mamilioni, lakini si kwao. Waliingia mahakamani, wakapoteza na kazi. Mwaka wa 1975 tu, wakiwa wazee, ndipo kampuni ilikubali kuwapa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka, na kurudisha majina yao kwenye Superman.

Eastman na Laird wao walikuwa wachapishaji wa kitabu chao wenyewe. Kwa hiyo haki zote zilikuwa mikononi mwao. Siku wafanyabiashara walipokuja, hawakuuza. Walitoa leseni. Leseni ni sawa na kupangisha nyumba: mpangaji anakaa, analipa, anafuata masharti, lakini hati ya kiwanja inabaki kwako.

Mwisho wa mwaka wa 1987 dessin animé ikatoka, mwaka wa 1988 kampuni ya Playmates ikaanza kuuza vinyago vyao. Hapo ndipo vitambaa vya machoni vikapata rangi nne tofauti, ili watoto waweze kuwatambua. Mwaka wa 1990 ikatoka filamu. Ilitengenezwa kwa dola milioni 13 na zaidi kidogo, ikaingiza karibu milioni 200 duniani. Na kila mpangaji alilipa, kwa sababu wenye nyumba walijulikana.

Kumiliki nako kuna bei

Tusiseme kama yote yalikuwa matamu. Mwenye mali anapaswa kuichunga. Mikutano, mikataba, avoka, vinyago vya kukagua: kazi hiyo ilikula siku za Eastman na Laird. Watu wawili waliopenda kuchora pamoja wakawa wakubwa wa biashara, na wasanii wengine wa Mirage wakachukua sehemu kubwa ya kuchora. Mfululizo ule wa kwanza ulisimama mwaka wa 1993, ukiwa umefika namba 62.

Urafiki pia uliumia. Kuanzia mwaka wa 2000 Eastman alimuuzia Laird sehemu yake. Mwaka wa 2009 Laird mwenyewe akauza kobe kwa kampuni ya Viacom, wenye televisheni ya Nickelodeon, kwa dola milioni 60 hivi. Kwa hiyo leo Tortues Ninja ni za kampuni kubwa, sawa na Superman. Tofauti iko hapa: Siegel na Shuster waliuza mbele ya kujua thamani. Hawa waliuza baada ya miaka mingi, wakijua vizuri wanachouza, na kwa mapenzi yao.

Na hawakusahau wenzao. Mwaka wa 1988 walikuwa kati ya wasanii waliokutana Northampton, Massachusetts, kuandika tangazo la haki za watunzi wa vitabu vya michoro. Mwaka wa 1992 Laird akaanzisha mfuko wa Xeric, uliosaidia kwa miaka 20 wasanii waliotaka kujichapishia kazi zao.

Inatuhusu nini sisi?

Kujichapishia si jambo geni Congo. Mjini Kinshasa, katika miaka ya 1990, Papa Mfumu'Eto alichora hadithi za maisha ya mji kwa Kilingala, akazichapa kwa karatasi rahisi, zikauzwa sokoni kwa watu wa kawaida. Hakungojea kampuni.

Sheria nayo ipo. Sheria ya tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka wa 1986 inalinda haki za watunzi katika nchi yetu, na shirika la SOCODA ndilo lenye kazi ya kukusanya haki hizo.

Kijana anayechora Bukavu, Goma ao Lubumbashi mara nyingi anaitwa achore picha za kampeni, za shule, za tangazo. Anapewa pesa siku hiyo, anafurahi, anaweka saini. Haki yake. Lakini mbele ya kuweka saini aulize maneno matatu. Ninauza mchoro huu mmoja, ao ninauza na mtu niliyemtunga? Kwa muda gani? Wakitengeneza kitu kingine kwa mchoro wangu, tisheti ao filamu, nitalipwa nini? Majibu yaandikwe kwenye karatasi, na nakala moja ibaki kwake.

Kobe wale wanne walianza kama kichekesho cha usiku. Hakuna mtu angeweza kujua watafika wapi. Ndiyo sababu inafaa kuandika mapema ni wa nani.