Njia Haichagui Mzigo

Mzazi ambaye mwanawe anaanza chuo kikuu huenda akashangaa kusikia somo liitwalo mitandao ya kompyuta. Mwenyeji wa Tabora hana haja ya kushangaa.

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, na hapo njia ziligawanyika: moja ikielekea Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Shehena ilifungwa katika mizigo ya kuchukuliwa na mpagazi mmoja mmoja.

Intaneti hufanya vivyo hivyo. Ujumbe hukatwa vipande. Kila kipande hubeba anwani ya kule kiendako, na katika kila njia panda huelekezwa hatua inayofuata. Kanuni ya TCP, iliyoasisiwa na Vinton Cerf na Robert Kahn mwaka 1974, huvihesabu vipande hivyo: kilichopotea hutumwa tena, na vyote hupangwa upya vifikapo.

Lakini njia haichagui mzigo. Ile ya Tabora ilipitisha nguo na shanga; ilipitisha pia binadamu waliotiwa utumwani. Kanuni za mtandao nazo hazitofautishi elimu na upuuzi. Basi chuo kimfundishe kijana njia. Kumfundisha kuupima mzigo ni amana yetu sisi wazazi, tangu nyumbani.