Gauni la Drafti na Mkono wa Fundi

Kwa mtu aliyezoea kuona kitambaa cha miraba katika shati la mwanafunzi, katika meza ya mkahawa, au katika shuka la kijana wa Kimasai alindaye mlango wa duka usiku kucha, si wepesi kusadiki kwamba kitambaa cha namna hiyo chaweza kukatwa gauni refu la taadhima, likavaliwa na mama wa bibi harusi mbele ya ukumbi uliojaa wageni. Katika maduka ya Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, ambako majora ya vitenge na doti za khanga hupangwa mpaka darini, kitenge ndicho sultani, na lesi na satini ni mawaziri wake. Drafti hukaa pembeni, ikingoja mnunuzi mwenye jicho. Hata hivyo mnunuzi huyo yupo, na kila mwaka huongezeka, naye akishalipa fedha yake huiacha barabara kuu akaingia vichochoro vya Kariakoo kumtafuta fundi. Rai yangu ni kwamba hapo, mezani pa fundi, ndipo drafti ipatapo hadhi yake au ikosapo, wala si katika nasaba ya kitambaa, ambayo watu hupenda kuisimulia kwa maneno makubwa kuliko ukweli wake.

Tuianze nasaba hiyo kwa Waskoti, maana wao ndio waliotangaza drafti ulimwenguni kwa jina la tartan. Ni kitambaa cha sufu ambacho nyuzi za mtande na nyuzi za mshindio hufuata hesabu moja ya rangi, hata mstari mwekundu ushukao ukikutana na mstari mwekundu upitao hupatikana mraba mwekundu halisi, na ukikutana na wa kijani hutokea rangi ya tatu ambayo haikutiwa na mtiaji rangi yeyote, bali imezaliwa na mpishano wa nyuzi. Zamani wanawake wa milima ya Uskoti walijitanda shuka refu liitwalo arisaid, lenye asili nyeupe na mistari myembamba ya rangi, wakalifunga kifuani kwa bizimu. Na mwanamke wa Pwani aliyezoea khanga asingalihitaji kuelezwa matumizi yake. Mwaka 1746, baada ya maasi yaliyozuka huko kuvunjwa, Serikali ya Uingereza ilipiga marufuku mavazi ya watu wa milimani, lakini sheria ile iliwataja wanaume na wavulana tu, wanawake ikawaacha. Marufuku iliondolewa mwaka 1782, na miaka mitatu baadaye bibi mmoja aitwaye Isabella aliolewa katika ukoo wa Fraser akiwa amevaa gauni la tartan nyekundu ambalo lingalipo hata leo, likiwa milki ya ukoo ule ule. Ni gauni la sherehe lililo mbali kabisa na vazi la askari. Na mwenye kulitazama huona dhahiri kwamba aliyelikata aliihangaikia miraba ile kwa bidii, hapa ikakutana, pale ikamshinda.

Ama hadithi kwamba kila ukoo wa Uskoti ulikuwa na drafti yake tangu zama za kale, hiyo ichukuliwe kwa tahadhari. Sehemu kubwa ya utaratibu huo ilipata nguvu baada ya Mfalme George wa Nne kuzuru Edinburgh mwaka 1822, katika shamrashamra zilizopangwa na mwandishi Walter Scott, ambapo kila mkubwa alitaka kuonekana na tartan ya jina lake, na wafumaji wa viwandani wakafurahi kumpatia. Leo iko daftari rasmi ya serikali iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2008, na mtu yeyote aweza kubuni tartan mpya akaomba iandikwe.

Shuka la Kimasai nalo lina habari iliyo karibu sana na hiyo. Wageni wengi hudhani kwamba miraba ile myekundu na ya buluu imevaliwa na Wamasai tangu dahari, ilhali vazi lao la asili lilikuwa ngozi, na nguo zikawafikia kwa mkono wa biashara, kwanza marekani na kaniki, kisha mablanketi na mashuka ya kiwandani. Sisi wa Pwani tuliijua miraba kabla yao, kwa debwani iliyotoka Maskati, nguo ya vyumba vidogo vidogo ambayo mabwana walipiga vilemba, na misafara ya karne ya kumi na tisa ikaichukua mpaka bara kuwa fedha ya njiani. Baada ya uhuru, shuka la Kimasai lilionekana aibu: mwaka 1967 na 1968 palikuwa na kampeni ya kuwataka Wamasai waache ngozi na lubega, wavae suruali na magauni, na tarehe 1 Januari 1969 ikafuata Operesheni Vijana mjini Dar es Salaam, iliyokataza sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Basi katika muda wa miaka miwili mtu alikatazwa kuvaa kizamani kupita kiasi na kuvaa kisasa kupita kiasi, na nguo ya heshima ikabaki mahali fulani katikati ambapo hakuna aliyepaonyesha kwa kidole. Leo shuka lile lile hukatwa gauni la send-off, na mabinti wa mjini hulivaa pamoja na shanga shingoni bila kuulizwa na mtu.

Hata turudipo Kariakoo kwa fundi, Uskoti hutufuata: katikati yake uko Mtaa wa Livingstone, na wapitao humo wakiwa na mifuko ya vitambaa kichwani ni wachache wakumbukao kuwa mwenye jina hilo alikuwa Mskoti aliyeanza kazi akiwa na umri wa miaka 10 katika kiwanda cha pamba cha Blantyre, akiunga nyuzi zilizokatika mashineni.

Nilimkuta fundi mmoja katika kichochoro kilicho na upana wa kupita watu wawili, cherehani yake imewekwa mlangoni apate mwanga, akizungumza na mama aliyekuja na binti yake na kitambaa cha drafti nyekundu na nyeusi. "Mama, kingekuwa kitenge, mita nne zingenitosha nikabakiza na kilemba," alisema, "hiki chataka sita, na ukinilazimisha nikikate hivi kilivyo, lawama usinipe mimi." Mama akamjibu, "Fundi, nyie kazi yenu kula vitambaa vya watu." Hakubishana naye. Alikikunja kitambaa mara mbili, akakiweka ubavuni pa yule binti kama mshono utakavyokuwa, mistari ya mbele ikaangukia juu na ya nyuma ikaangukia chini, na mwili wa msichana ukaonekana umevunjika kiunoni. Mama alitazama kwa kitambo, akafungua mkoba, akamtuma binti dukani akaongeze mita mbili kabla jora halijauzwa.

Kwa maana kitenge husamehe, na maua yake makubwa huficha mshono uliokwenda kombo, lakini drafti hutangaza kosa mbele ya ukumbi mzima. Fundi aijuaye kazi hatakata pande mbili kwa pamoja; hutandaza kitambaa tabaka moja, akatafuta mstari ulio mkuu kuliko yote, akaupitisha katikati ya kifua mpaka upindoni, na mstari mkuu ulalao akauepusha na mahali palipo papana zaidi pa kifua na nyonga, kwani ukikaa hapo humwongezea mwanamke unene asiokuwa nao. Kila mistari inapokutana huchoma pini, akapiga bandi kwa mkono, akageuza upande wa nje kutazama, ndipo akaribie cherehani. Mkono wa gauni hulinganishwa na kifua katika kimo cha kwapa, si begani, kwa kuwa begani hapana namna ya kuvipatanisha vyote. Na kola, mkanda na mifuko wengine huvikata mshazari kwa makusudi, ili miraba isimame kama almasi na kuleta tafauti iliyo wazi, badala ya kupatanishwa nusunusu. Zipu ya mgongoni ndiyo kiama: nimeona gauni zuri lililoharibika kwa tafauti ya upana wa kidole kimoja tu hapo.

Joto la Dar es Salaam lina neno lake pia. Sufu ya Uskoti haifai hapa hata kwa harusi ya Julai, na mashuka mengi ya akriliki hukusanya jasho na hunyauka kwa pasi kali, hivyo afadhali drafti ya pamba, au iliyochanganywa, yenye bitana nyepesi.

Taabu kubwa zaidi huja katika sare. Kamati ya harusi ikichagua kitambaa kimoja kwa akina mama thelathini, kila mmoja humpelekea fundi wake, na siku ya siku miraba thelathini hukaa kwa namna thelathini, mama mnene na mama mwembamba wakipewa mraba wa ukubwa mmoja. Laiti kamati zingechagua drafti ya vyumba vidogo, rangi zisizozidi tatu, na fundi mmoja au wawili walioafikiana! Lakini kamati huanza na bei, nami siwalaumu sana, maana michango haiji kwa wakati.

Kuhusu zile mita mbili za ziada zinazoleta ugomvi kila mara, hazipotei. Yule fundi wa kichochoroni alizitumia, baada ya kulinganisha mistari, kwa mkanda wa gauni, kipochi cha mkononi na tai ya baba wa msichana, na kilichosalia akakirudisha kimekunjwa pamoja na gauni, akamwambia mama akiweke, kwani binti akinenepa baada ya arusi kitahitajika kupanulia mbavu.