Milima Miwili Iliyosalia Nairobi

Gelai ni mlima wa kaskazini mwa Tanzania, kando ya Ziwa Natron, na Shengena ni kilele kinachovipita vyote kwa urefu katika milima ya Upare. Lakini mtu aliyeko Nairobi akipenda kuyaona majina hayo mawili pahali pamoja hana haja ya kufunga safari, maana ni majina ya injini mbili za mvuke zilizosimama katika Makumbusho ya Reli, mwendo mfupi kutoka stesheni. Moja ni nambari 5918, ya pili ni nambari 5930. Zilikuwa injini 34 za jamii moja, nazo zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, tangu 5901 iliyoitwa Mlima Kenya hadi 5934 iliyoitwa Menengai. Na katika safu hiyo yote ni hii miwili tu iliyosalimika, ilhali mingine 32 ilikatwakatwa ikauzwa kwa uzani kama chuma chakavu.

Niliposimama kando ya Gelai kwa mara ya kwanza, macho yangu hayakwenda kwenye magurudumu wala kwenye dohani. Nilichokiona ni ukuta. Tumbo la boila lake lina upana wa zaidi ya mita mbili, nalo limekaa juu ya reli ambazo nafasi baina yake ni mita moja tu, hata mtu asiyejua lolote la mitambo hujiuliza ni kwa hekima gani kitu kama hiki kilikwenda mbio bila kupinduka. Nilipenyeza kiganja chini ya fremu, pahali ambapo brashi ya rangi haifiki, nikakitoa kimejaa unga mwekundu wa kutu uliochanganyika na grisi ya zamani, na harufu yake ilinifuata mkononi mpaka jioni. Wageni wengi waliofika siku ile walikwenda moja kwa moja kwenye behewa ambamo afisa wa polisi, Charles Ryall, alishambuliwa na simba huko Kima mwaka 1900, nami siwalaumu, kwa kuwa kisa cha simba hakihitaji maelezo. Ila injini huhitaji maelezo, na bila ya hayo ni chuma kingi kilichosimama juani.

Hekima ya kutopinduka ilitoka kwa Mwingereza Herbert William Garratt, aliyeandikisha haki ya uvumbuzi wake mwaka 1907. Injini ya kawaida hubeba boila juu ya magurudumu yake, kwa hiyo boila likinenepa hugombana na magurudumu, na injini ikirefuka hushindwa kukata kona. Garratt aliliondoa boila juu ya magurudumu, akalitundika baina ya mitambo miwili iliyo kamili, kila mmoja una silinda zake na magurudumu yake, mfano wa wapagazi wawili waliochukua mzigo mmoja kwa mpiko: wa mbele akiwa amekwisha kuingia konani, wa nyuma bado yumo katika njia iliyonyoka, na mzigo uliopo katikati haukatiki wala haugusi chini. Kwa njia hiyo boila lilipata nafasi ya kunenepa litakavyo, na uzito wake ukagawanyika juu ya magurudumu mengi, jambo lililokuwa rehema kubwa kwa reli nyepesi za makoloni.

Injini za milima ziliundwa katika kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, mwaka 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzito wa zaidi ya tani 250, na hakuna injini ya mvuke ya reli za mita moja popote duniani iliyozishinda kwa ukubwa. Wakati huo njia ya Mombasa ilikuwa na umri wa karibu miaka 60, kwa sababu kazi yake ilianza mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na ziwani Kisumu mwaka 1901. Na bandari ya Kilindini ilikuwa imelemewa na shehena ambayo injini za awali hazikuweza kuipandisha bara kwa kasi iliyotakiwa. Gelai na nduguze waliletwa kuvuta tani 1,200 kwa mkupuo mmoja, kutoka usawa wa bahari, kupitia Mazeras, Voi, Mtito Andei na Makindu, na stesheni ya Sultan Hamud ambayo mpaka leo yabeba jina la Sultani wa Unguja, Hamud bin Mohammed, hata kuufikia mji ulioko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Zilichoma mafuta mazito badala ya makaa. Safari ilikuwa ndefu kiasi kwamba jamaa wa injini walikwenda kwa makundi mawili, zamu moja ikiendesha na zamu ya pili ikilala katika behewa lililofungwa nyuma ya injini. Madereva wao, miongoni mwao Masingasinga wengi, na baadaye Waafrika waliopanda vyeo kutoka uchochezi wa moto, walikuwa na sifa ya kuing'arisha shaba ya chumba cha dereva kama vile mtu ang'arishavyo vyombo vya sebuleni kwake.

Dizeli ndiyo iliyozishusha, kwa sababu zinazoeleweka: haitaki maji njiani, haitaki mtu wa kuamka usiku kuwasha moto, na huwa tayari kwa dakika chache. Tangu miaka ya 1970 kuingia, injini za milima zilianza kuondolewa kazini mojamoja. Kilichoniuma zaidi katika tarikhi hii ni kwamba wakati wa kuziondoa uliangukia wakati ule ule ambao nyumba yenyewe ilikuwa ikibomoka, kwa kuwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na reli iliyokuwa moja ikawa tatu. Waliogawana mali waligombea, kwa haki yao, vitu vyenye manufaa ya kesho yake, yaani injini za dizeli, mabehewa na karakana. Na ni nani wakati kama huo angekaa kupigania injini ya moshi iliyozimwa? Basi ni bahati iliyo njema kwamba Makumbusho ya Nairobi yalikuwa yamekwisha kuanzishwa mwaka 1971, miaka sita kabla ya mtawanyiko huo.

Sehemu nyingine za dunia zilisalimisha injini zao kwa bahati ya namna nyingine. Kusini mwa Wales, katika mji wa Barry, mfanyabiashara wa chuma chakavu, Dai Woodham, alinunua injini kutoka Reli za Uingereza, ambazo ziliacha kutumia mvuke katika njia zake za kawaida mwaka 1968. Injini 297 ziliingia katika yadi yake, lakini kwa kuwa kukata mabehewa ya mizigo kulikuwa kazi nyepesi yenye faida ya upesi, injini aliziacha zingoje, na katika miaka hiyo ya kungoja, watu wenye madaftari walizikagua, wakachangishana fedha, wakazinunua moja baada ya moja, hata 213 zikatoka zikiwa nzima. Na injini ya kwanza kabisa ya namna ya Garratt, iliyoundwa mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania na kupewa alama K1, haikupotea kwa sababu waundaji wake wenyewe waliirudisha Uingereza mwaka 1947. Baadaye ilitengenezwa, ikafanya kazi tena katika reli nyembamba ya milima ya Wales.

Madaftari hayo yastahili kutazamwa kwa karibu. Mtu anayefuatilia injini zilizosalia haandiki jina na mahali tu. Huandika nambari ya reli, nambari ya kiwanda, mwaka wa kuundwa, mwenye mali, siku ya mwisho injini ilipoonekana, ikiwa ingali inawaka au imelala, boila lake lilipimwa lini, na kiungo gani kimepotea; na akirudi baada ya miaka mitano akakuta viungo vitatu vimepungua, daftari hilo ndilo ithibati ya pekee kwamba viliwahi kuwapo. Kibao cha shaba chenye jina ndicho hutangulia kuondoka, maana hupendwa na mwizi na mkusanyaji kwa pamoja. Isitoshe, jina lililopo ubavuni si lazima liwe ndilo la mwili. Karakana ya reli haikuwa hospitali ambamo kila mgonjwa hutoka na viungo vyake: boila lililokwisha kutengenezwa lilipachikwa kwenye injini iliyokuwa tayari kulipokea, na fito za kuzungusha magurudumu zilihama kutoka ndugu hadi ndugu, maadamu vipimo vilikuwa sawa. Mafundi walipiga muhuri wa nambari kwenye vyuma vyao kwa patasi na nyundo, hivyo mchunguzi hulala chali chini ya injini, akashika tochi kwa mkono mmoja na brashi ya waya kwa mkono wa pili, akasugua grisi iliyoganda mpaka tarakimu zikajitokeza, na mara nyingi tarakimu hizo humtajia injini nyingine ambayo yeye alidhani imeyeyushwa yote zamani. Kwa hiyo Gelai na Shengena huenda zimebeba ndani yake mifupa ya milima iliyokwisha kufa, na sijui njia nyingine ya kuwaheshimu marehemu hao ila kuisoma mihuri yao.

Kuirudishia injini uhai ni kazi ya boila kwanza, na mengine hufuata. Boila la Gelai lilikuwa likibana mvuke kwa nguvu ya ratili 225 kwa kila inchi mraba, na maji yaliyobanwa hivyo huwa na joto la karibu digrii 200 za Selsiasi. Chuma kikipasuka, maji hayo hugeuka mvuke kwa mara moja na kulirarua boila lote. Ndiyo sababu fundi hatazami rangi ya nje. Huvua ganda la bati, akaondoa kwa tahadhari kubwa vazi la kuzuia joto, ambalo katika injini za zamani aghalabu ni asbesto, sumu ya mapafu; huitoa mirija inayopitisha moto ndani ya maji, ambayo ni mamia, na kuta zake mara nyingi zimeliwa na kutu au zimeshikwa na ukoko wa chokaa kama sufuria ya chai isiyosuguliwa. Kisha hushika nyundo ndogo na kugonga vijiti vya chuma vinavyoshikanisha tanuri na ganda la nje, kimoja kimoja: kilicho kizima hulia kama kengele, kilichovunjika ndani hujibu kwa sauti butu. Hakuna kitabu kinachoweza kumfundisha mtu tofauti ya sauti hizo mbili. Hufundishwa na sikio la mzee aliyesimama karibu.

Baada ya hapo boila hujazwa maji baridi na kubanwa kupita kipimo cha kazi, kwa kuwa maji baridi yakipata ufa hutiririka tu, hayalipuki. Likifaulu, ndipo moto wa kwanza uwashwe, tena moto mdogo, kwa saa nyingi, ili chuma kilicholala miaka mingi kitanuke polepole na kwa pamoja. Mwenye haraka wakati huo huiharibu kazi ya mwaka mzima kwa usiku mmoja. Mwanzoni mwa karne hii Gelai ilipitia tiba hiyo, kadhalika injini ndogo nambari 3020, iliyoundwa Glasgow na kupewa jina la Nyaturu, watu wa Singida; zikatoka uani, zikavuta tena mabehewa ya abiria waliosafiri kwa ajili ya kuzitazama.

Hapa pana mashindano ya haki mbili. Kila injini inayowashwa hupoteza sehemu ya nafsi yake, maana mrija mpya si mrija wa mwaka 1956, na rangi mpya hufunika mihuri na mikwaruzo iliyokuwa ushahidi wa kazi. Lakini injini isiyowashwa kamwe hupoteza kitu cha pili, nacho ni maarifa ya mikono: sikio la nyundo, jicho la kuujua moto kwa rangi ya moshi wake, mkono unaofungua vali polepole ili magurudumu yasiteleze, na maarifa hayo hayana makumbusho ila mtu anayefanya kazi. Kwa wenye injini moja tu, uamuzi ni mzito. Nairobi ina mbili za jamii moja, na kwangu insafu ni kwamba Gelai, iliyokwisha kuguswa, iendelee kuguswa, itiwe mirija mipya kila inapohitaji, ivute mabehewa kila inapowezekana, na vijana wajifunzie hapo. Na Shengena iachwe kama ilivyotoka kazini, izuiliwe mvua na mwizi, isipakwe rangi ya kuipendezesha wala isivuliwe kiungo kwa ajili ya kumponyesha nduguye.

Najua mafundi watanipinga katika hilo la mwisho, kwa sababu kiungo kinachokosekana kwa Gelai huenda kikapatikana kwa Shengena peke yake, na kuchonga kipya ni gharama. Iwapo hapana budi, basi kitwaliwe kwa maandishi na picha, na pengo lake liwekwe alama. Lakini kabla ya hilo, na kabla mpaka rangi yeyote hajaitwa, apelekwe uani mtu mwenye tochi, brashi ya waya na daftari, alale chali chini ya Shengena kuanzia gurudumu la mbele hadi la nyuma, na kila tarakimu atakayoikuta chini ya grisi aiandike pale pale. Kazi hiyo haitaki mafuta wala mvuke. Yataka asubuhi chache, na mtu asiyejali shati lake.