Fahamu: Umbo la gari na mafuta unayochoma

Ukinzani wa hewa ni nguvu inayolivuta gari nyuma linapokwenda. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu hiyo huwa mara 4.

Ukinzani huo ulianza kushughulikiwa lini?

Mwaka 1934 Chrysler ya Marekani ilileta Airflow, yenye pua ya mviringo. Wazo lilikuwa zuri, lakini wanunuzi hawakulipenda, na gari hilo likaachwa 1937. Mafuta yalipopanda bei miaka ya 1970, wahandisi walilirudia, na Audi 100 ya 1982 ikafikia kipimo cha ukinzani wa hewa cha 0.30. Namba ikishuka, hewa hupita kwa urahisi zaidi.

Mtaa wetu wa Huruma unahusikaje?

Matatu ya Huruma kwenda mjini Eldoret husimama kila mara, kwa hiyo uzito na breki ndivyo hugharimu zaidi. Lakini kwenye barabara ya Nakuru, kwa kilomita 80 kwa saa, keria tupu juu ya paa huongeza ukinzani wa hewa, na ni hasara ya mafuta. Ifungueni.