Ukuta wa Jeddah na daftari la mhasibu

Je, wajua kuwa saketi ya mitaani yenye kasi kuliko zote katika mbio za magari za langalanga iko Jeddah, Saudi Arabia? Mji ambao wengi wetu tunaujua kwa safari ya Hija ulipata barabara hiyo mwaka 2021, kandokando ya Bahari ya Shamu: kilomita 6.174, kona 27, na kuta za zege kushoto na kulia. Dereva Lewis Hamilton alipoweka muda bora wa kufuzu mwaka huo, wastani wa mwendo wake ulikuwa karibu kilomita 254 kwa saa. Huko Monaco, saketi ya mitaani inayojulikana kuliko zote, muda bora wa msimu huohuo ulikuwa na wastani wa kilomita 171.

Mpinzani wake, Max Verstappen, alikuwa mbioni kuupiku muda wa Hamilton. Ilibaki kona moja tu, ya 27. Akachelewa kushika breki, tairi la mbele likakwama, gari likapanua mno kona na gurudumu la nyuma likaugonga ukuta. Siku iliyofuata, tarehe 5 Desemba, alianza mbio akiwa wa tatu, na Hamilton ndiye aliyeshinda, baada ya mbio kusimamishwa kwa bendera nyekundu mara mbili. Kwenye saketi nyingi dereva akikosea hutoka akaingia kwenye changarawe au lami ya pembeni. Jeddah hakuna pa kutokea.

Na anachokivunja hakinyoosheki. Bodi ya gari la langalanga ni vitambaa vya nyuzi za kaboni vilivyolowekwa gundi, vikatandazwa kwa mkono tabaka juu ya tabaka ndani ya umbo, kisha vikaokwa kwenye tanuri lenye joto na mgandamizo mkubwa. Gari la kawaida likigongwa, fundi wa bodi hulipiga nyundo, akapaka na rangi, likarudi barabarani. Kaboni haibonyei, hupasuka vipandevipande, na kwa kupasuka huko humeza nguvu ya mgongano ambayo ingemfikia dereva. Ni ufundi wa ajabu unaookoa roho za watu, lakini kila ajali huacha rundo la takataka ghali.

Zamani rundo hilo halikuzisumbua timu tajiri. Kubwa kati yake zilikuwa zikitumia zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka. Zilivunja, zikatengeneza upya, zikaendelea kuboresha gari wiki hiyohiyo. FIA, shirikisho linalosimamia mbio hizo, lilikuwa limeshapanga kikomo cha matumizi cha dola milioni 175 kwa mwaka. Korona ilipoingia mwaka 2020, mbio zikasimama na mapato yakakatika, kikomo kikashushwa: milioni 145 kwa mwaka 2021, kisha 140, kisha 135. Mshahara wa dereva haumo katika hesabu hiyo, wala wa vigogo watatu wanaolipwa zaidi, wala matangazo, wala injini. Vipuri vya gari lililovunjika vimo.

Kwangu mimi huo ni uamuzi bora kuliko mwingi uliofanywa katika mchezo huu kwa miaka mingi, kwa sababu umelipa kosa la dereva uzito uleule kwa tajiri na kwa mnyonge. Verstappen alipogongana na Hamilton huko Silverstone, Julai 2021, bosi wake wa wakati huo katika timu ya Red Bull, Christian Horner, alikadiria hasara kuwa dola milioni 1.8. Fedha hizo zilitoka mfuko uleule wa kubuni mabawa mapya. Mwaka uliofuata FIA ikabaini kuwa Red Bull ilivuka kikomo cha 2021 kwa asilimia 1.6, miongoni mwa hesabu zilizokosewa zilikuwamo za chakula cha wafanyakazi na vipuri ambavyo havikutumika. Adhabu ilikuwa faini ya dola milioni 7, pamoja na kupunguziwa asilimia 10 ya muda wa majaribio ya umbo la gari, yakiwamo ya kwenye handaki la upepo. Hiyo ya pili ndiyo inayouma, maana muda wa majaribio haununuliki.

Timu ndogo huumia mapema zaidi. Machi 2022, langalanga iliporudi Jeddah, Mick Schumacher wa timu ya Haas alibamiza ukuta wakati wa kufuzu. Alitoka mzima. Gari lilipoinuliwa, sehemu ya nyuma ikakatika na kuning'inia. Kiongozi wa timu, Guenther Steiner, alikadiria hasara kuwa kati ya dola 500,000 na milioni moja: saspensheni, giaboksi, rejeta, bodi karibu yote. Vipuri vingine vilikuwepo, ila Australia ilikuwa wiki mbili mbele, na kuvitumia vyote usiku ule kungeiacha timu mikono mitupu huko. Wakamweka kando Schumacher. Jumapili Haas iliingiza gari moja tu, la Kevin Magnussen, naye akamaliza wa 9 na kuipatia timu pointi 2.