Mama Anasema Anaelewa, Mtaalamu Hajaona

Muulize mama kliniki kama mwanawe wa mwaka mmoja na nusu anaelewa anachoambiwa. Jibu huja upesi: "Anaelewa, daktari, hata ukimtuma anakwenda." Mtaalamu wa ukuaji wa watoto anakaa mkekani, anaficha mikono nyuma, anasema: "Lete kikombe." Mtoto anamkodolea macho tu. Mama hakusema uongo. Nyumbani humtuma huku akikinyooshea kikombe kidole, na mtoto hufuata kidole. Hapa mtaalamu amepima neno peke yake.

Kwenye kusema, mambo hugeuka. Mtoto aliyeamshwa alfajiri, akapakiwa daladala na kukaa foleni tangu asubuhi, hatamfungulia mgeni mdomo, na mtaalamu ataandika kuwa hasemi. Hapo namwamini mama zaidi. Pwani ya Kenya, mtafiti Katie Alcock na wenzake walitengeneza orodha za maneno na ishara za watoto wa miezi 8 hadi 28, kwa Kiswahili na Kigiriama. Kwa kuwa wazazi wengi hawakusoma sana, waliulizwa ana kwa ana. Familia zaidi ya 300 zilihojiwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba majibu yao yanategemeka, hata pale mtoto anapolelewa na watu kadhaa.

Swali lenyewe ndilo huponza. Ukiuliza "alianza kutembea lini?" unapima kumbukumbu ya mzazi, labda umsaidie kwa Ramadhani au msimu wa mvua. Uliza anachofanya sasa: anasimama bila kushika kitu? Umemwona akifanya hivyo wiki hii?

Mzazi pia hupima kwa mtoto wa jirani, na hapo hujitesa bure. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2006, uliohusisha Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, ulionyesha kuwa watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe kati ya miezi 8.2 na 17.6. Asilimia 4.3 hawakutambaa kwa mikono na magoti kamwe. Mama mwenye hofu kwamba mwanawe "aliruka kutambaa" anastahili kuelezwa hayo kwa upole.

Vipimo vya shirika hilo vya mwaka 2023 kwa watoto chini ya miaka mitatu, vilivyojaribiwa Bangladesh, Pakistan na Pemba, vina fomu ya kumhoji mlezi na nyingine ya kumpima mtoto mwenyewe. Nadhani ni busara kubwa kutoitupa hata moja.

Majibu yakipingana, tusiharakishe kuchagua mshindi. Mzazi akisema, "Nikimwita hageuki," asirudishwe nyumbani kwa sababu mtoto aligeuka mlango ulipobamizwa. Mtoto asiyesikia vizuri huona kivuli, huhisi sakafu ikitikisika. Apelekwe kupimwa masikio kwa mashine, mwezi huohuo.