Mimea ya tangi la samaki: Chagua inayopatana na maji na baridi ya kwako

Na MWANDISHI WETU

MIMEA hai ndani ya tangi la samaki wa mapambo si urembo mtupu. Mchana, chini ya mwanga, hufyonza hewa ya kaboni wanayoitoa samaki na kurudisha oksijeni majini. Aidha, hula amonia itokanayo na kinyesi cha samaki, sumu ambayo ikizidi huwaua.

Hata hivyo, anayenunua mmea kwa kuvutiwa na rangi yake tu huenda akashuhudia majani yakioza baada ya majuma machache. Kwa mkazi wa Bahati, katika Kaunti ya Nakuru, mambo mawili yanafaa kutangulia rangi: maji na baridi.

Maji ya visima virefu katika Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkano. Ndiyo sababu mengi yana madini ya floridi, yale yanayoyapa meno ya wakazi wengi rangi ya kahawia, pamoja na chumvi za jamii ya magadi. Mimea inayopenda maji yenye asidi hudhoofika humo. Dawa nafuu ni kuchanganya maji ya kisima na ya mvua yaliyokingwa kwenye paa safi la mabati. Nayo maji ya mfereji yaliyotiwa klorini yaachwe kwenye ndoo wazi kwa siku nzima kabla ya kutumiwa.

Kuhusu baridi, mji wa Nakuru uko takribani mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Bahati ziko juu zaidi. Usiku maji ya tangi lisilo na kipashajoto hupoa mno kwa mimea mingi ya nchi za joto.

Mmea wa kuanzia ni valisneria, wenye majani marefu kama utepe. Huvumilia maji ya magadi na hueneza machipukizi wenyewe. Wa pili ni seratofilamu, usio na mizizi na wenye majani membamba kama sindano. Huu hukua upesi, hustahimili baridi na huota kwa wingi katika maziwa ya Afrika Mashariki.

Mwenye kipashajoto anaweza kuongeza anubiasi, mmea wa misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, au kangaga la Java kutoka Asia. Yote miwili huridhika na mwanga hafifu. Shina lake nene litambaalo lisifukiwe mchangani, kwani litaoza. Lifungwe kwa uzi juu ya jiwe au kipande cha mti.

Mimea yenye mizizi ipandwe katika changarawe iliyooshwa vizuri, kina cha sentimita tano hadi saba. Ni busara kuipanda majuma kadhaa kabla ya kuleta samaki ili ishike. Tangi lisiwekwe mahali pa jua kali la moja kwa moja, maana maji yatageuka kijani kwa mwani. Taa ya saa nane kwa siku yatosha. Majani yaliyokufa yaondolewe, na robo ya maji ibadilishwe kila juma au mawili.

Msongamano nao una hatari. Usiku mimea haitengenezi oksijeni, bali huitumia kama samaki. Ukiwaona samaki alfajiri wakipumua kwa shida juu ya maji, punguza mimea au tia pampu ya hewa. Kumbuka pia kwamba samaki wa dhahabu na ngege hula majani laini.

Lakini jambo zito kuliko yote ni hatima ya mimea inayopunguzwa. Gugumaji, lenye asili ya Amerika Kusini, lilisambazwa ulimwenguni kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Lilionekana katika Ziwa Naivasha mwaka wa 1988, na katika miaka ya 1990 likafunika sehemu kubwa za Ziwa Victoria, likiziba njia za mashua na kuwanyima wavuvi riziki. Kabla yake, katika miaka ya 1960, Naivasha ilikuwa imevamiwa na salvinia, mmea mwingine wa kuelea kutoka Amerika Kusini ambao hupendwa na wafugaji wa samaki wa mapambo.

Kwa hiyo mabaki ya mimea yasitupwe kijitoni, bwawani wala kwenye mtaro wa maji ya mvua. Kipande kidogo tu cha seratofilamu chaweza kuchipua upya. Yaanikwe juani hadi yakauke kabisa, kisha yazikwe au yafanywe mboji shambani. Mimea iliyong'olewa ziwani au mtoni nayo isiingizwe tangini, kwani huweza kubeba konokono na vimelea. Anayetaka kuagiza kutoka ng'ambo hana budi kupata kibali cha Shirika la Ukaguzi wa Afya ya Mimea (KEPHIS).

Gugumaji halikuhitaji meli nzima ya mbegu ili kuenea. Shina moja hujizalia mengine. Mwenye tangi sebuleni Bahati anashika mkononi mimea yenye uwezo kama huo, na ni juu yake kuhakikisha haitoki nje.